Solo ya Musa wa Nyaya

Mark alipopata kazi Qatar na kuiaga bendi, hakuna aliyemlaumu, lakini wenzake walibaki wakitazamana. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga gita la solo. Bendi ya Isiukhu ilikuwa na mpiga ngoma asiyechoka, ilikuwa na Griffin, kiongozi wao, aliyepiga besi na kuimba, na ilikuwa na Edah kwenye gita la ridhimu. Kwa mahafali ya shule na sherehe za kuzaliwa, hao watatu walitosha. Kwa harusi ya watu wanaojua muziki hawakutosha, na harusi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa mbele yao.

Bibi harusi aliitwa Nadia, msichana wa Mumias. Alimpigia Griffin simu mwenyewe, akamwambia nyimbo nyingine wachague wanavyotaka, ila wimbo mmoja lazima upigwe, "Subiri Mvua Ipite". Ulikuwa wimbo wa babu yake, Musa, ambaye zamani alijulikana kutoka Mumias hadi Busia kwa jina la Musa wa Nyaya, kwa jinsi alivyozichezea nyuzi za gita. Musa alikuwa ameshafariki. Nyimbo zake zilikuwa nyingi lakini ni huo mmoja tu uliorekodiwa, na redio za huku bado huucheza Jumapili mchana. Gita linaingia peke yake likikimbia kama maji ya mtaro, kisha sauti nyembamba ya mtoto wa kike inaitikia, na katikati kuna solo ambayo wapiga gita wa Kakamega huitaja kwa heshima na kuikwepa kwa heshima hiyo hiyo.

Hata Mark aliikwepa. Alipofika mahali pake alikuwa akipiga mambo yake mwenyewe, mazuri tu, na watu wakacheza wasiulize. Lakini hii ilikuwa harusi ya mjukuu wa mwenye wimbo. Kule wangeuliza.

Jumamosi moja walikutana kufanya mazoezi mahali pao pa kawaida, chumba cha nyuma cha duka la Griffin la mabomba na rangi, pale karibu na Amalemba. Griffin akasema ameshafikiri, atamwita Khaemba wa Bungoma aje awasaidie siku hiyo. Khaemba ana mkono mwepesi, na uso wake haujui haya.

"Hiyo solo nitaipiga mimi," Edah alisema.

Griffin hakucheka. Alikuwa mtu wa adabu, na Edah alikuwa amekaa naye kwenye bendi muda mrefu. Alimwambia kwa upole kwamba ridhimu yake haina mfano, kwamba bila yeye bendi ingeyumba, lakini solo ni jambo jingine, solo hutoka moyoni, haifundishwi. Edah akamsikiliza mpaka mwisho huku akiifuta shingo ya gita lake kwa kitambaa.

"Utaipiga vipi?" Griffin akauliza.

"Kama alivyoipiga mwenyewe. Noti kwa noti."

"Hiyo ni kukariri, Edah. Ukikariri ya mtu utakuwa na ya mtu. Yako itatoka wapi?"

Edah alisema hajui itatoka wapi, ila anajua itaingilia wapi. Mpiga ngoma aliipenda hiyo, akagonga kijiti kwenye ukingo wa ngoma. Mwishowe wakakubaliana kwamba harusi ikikaribia, Griffin atamsikiliza. Asiporidhika, Khaemba ataitwa, na Edah hatanuna.

Hakuwa anajigamba bure. Edah alikuwa msusi. Yeye na rafiki yake Immaculate walikuwa na saluni ndogo Amalemba, na wanawake walitoka hata Shinyalu kuja kuketi chini ya vidole vyake. Kazi hiyo hakufundishwa chuoni. Alianza kwa mtindo mmoja aliouona kwenye kichwa cha mwanamke aliyekuwa amekaa mbele yake kanisani. Ibada nzima aliufuata ule mtindo kwa macho, mstari unaanzia wapi, unapindia wapi, unameza nywele ngapi kila unapozunguka, akarudi nyumbani akausuka juu ya kichwa cha dada yake, akaufumua, akausuka tena, mpaka ukafanana kabisa. Halafu akatafuta mwingine. Miaka ikapita akiiga hivyo, na siku moja mteja akamwambia, nifanyie unavyoona wewe, na Edah akagundua kwamba vidole vinajua mambo mengi ambayo hakuwahi kuviambia. Kwa hiyo maneno ya Griffin kuhusu kukariri yalimpita tu. Alishaitembea njia ile kwa nywele, akajua inafika.

Alianza Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua saluni. Alikuwa na programu kwenye simu inayopunguza kasi ya muziki bila kuishusha sauti yake, ukitaka wimbo utambae unatambaa. Akaukata wimbo vipande vidogo kama mtu anayemkatia mtoto chakula. Kipande cha kwanza kilikuwa kifupi, noti chache tu. Alizisikiliza mpaka akaweza kuziimba kwa mdomo, na alipoweza kuziimba ndipo aliposhika gita.

Hapohapo akakutana na shida. Noti hazikukaa mahali pake. Wimbo ulikuwa juu kuliko gita lake, na si juu tu, ulikuwa umesimama katikati ya noti mbili, huku si huku. Alidhani Musa alikuwa akizilinganisha nyuzi za gita lake kwa sikio tu. Akajaribu kuzikaza nyuzi ziufuate wimbo, na uzi wa kwanza ukakatika ukamchapa kidevuni. Immaculate, aliyekuwa akifagia, akamwambia kwamba hilo ni onyo. Edah akafunga kapo, kile kibano cha shingoni mwa gita kinachopandisha sauti, kisha akakaza nyuzi kidogo tu, na hapo gita na wimbo vikasalimiana.

Kuanzia siku hiyo maisha yake yakawa ni hayo. Asubuhi gita, mchana vichwa vya watu, jioni gita tena kabla ya kupika. Ncha za vidole vyake vya mkono wa kushoto ziliota ugumu mpya juu ya ule wa zamani, na mteja mmoja akalalamika kwamba leo anakwaruzwa. Immaculate aliuchoka ule wimbo akaanza kuuchukia, kisha akauzoea, kisha akajikuta akiuimba akipaka watu dawa. Alikuwa akimwambia Edah akikosea, hata akiwa na mteja kwenye beseni. Hapana, alikuwa akisema bila kugeuka, huyo mzee hashukagi hapo.

Na Edah, kadiri alivyosonga mbele, alianza kumjua mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alijua kwamba Musa hakupenda kuanza sentensi pale wengine wanapoanza. Alikuwa akiiacha ngoma ipige, ndipo anaingia, kama mgeni anayesubiri wenye nyumba waketi kwanza. Alijua kwamba alipotaka kupanda juu alianza kwa kushuka. Alijua kwamba kidole gumba cha Musa hakikulala hata mara moja, kilikuwa kikitembea chini kwenye nyuzi nene huku vingine vikizungumza juu, na Edah, aliyekuwa amepiga gita kwa kipande cha plastiki tangu utoto, ikabidi akiweke kile kipande mezani na kujifunza upya kutumia vidole vitupu. Hilo lilimchukua muda mrefu kuliko solo yenyewe. Wakati mwingine alikuwa akitupa mikono hewani. Lakini hakuwa na wasiwasi. Vidole vya kusuka havikuhitaji kuambiwa maana ya kila kimoja kufanya kazi yake.

Kulikuwa na mahali pamoja palipomtesa. Karibu na mwisho wa solo, Musa anaruka kutoka chini kabisa hadi juu na kurudi, kwa kasi ambayo Edah aliona haiwezekani. Alipapunguza kasi akapapiga vizuri. Akapapandisha kidogo kidogo, na kila akikaribia kasi ya kweli vidole vinajikwaa. Alijaribu kwa kidole hiki, akajaribu kwa kile. Asubuhi moja aliacha kulazimisha, akakaa akiusikiliza ule mruko tu, akasikia kwamba noti ya chini haikatiki Musa anapokwenda juu, inaendelea kulia. Basi kuna kitu kinabaki kimeishika. Akageuza mkono, akakipitisha kidole gumba juu ya shingo ya gita kukamata uzi mnene, vile vingine vikawa huru. Ukapigika. Immaculate alikuja kutazama kilichonyamazisha malalamiko, akamkuta amekaa akitabasamu peke yake.

Jambo jingine dogo lilimshangaza. Kabla ya solo kwisha, noti moja haikulia sawasawa. Ilikuwa imekufa, tk, kama mtu aliyegonga mbao kwa kucha. Edah aliihesabu kuwa kosa, kidole cha Musa kiliteleza. Akaifundisha mikono yake na hiyo pia.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, Griffin alifunga duka mapema, akaketi juu ya ndoo ya rangi, mikono kifuani. Mpiga ngoma alianza polepole, Edah akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mguu kasi anayoitaka. Kisha akapiga. Alipiga bila kufumba macho na bila kukunja uso, kama mtu anayesimulia jambo alilolishuhudia. Mwanzo, maneno yote ya kati, ule mruko, ile noti iliyokufa, mwisho.

Griffin aliinuka kwenye ndoo. Kisha akauliza, "Hata kosa lake umelichukua?"

"Ningeliacha ningejuaje kama ni kosa?"

Akacheka, na cheko la Griffin lilikuwa la mtu aliyeshindwa asiyeumia. Alisema Khaemba abaki Bungoma. Lakini hakuwa mtu wa kuacha hoja njiani. Akamwambia alichosikia ni Musa mtupu, Edah mwenyewe hakumsikia popote. Edah alikuwa akilegeza nyuzi ili zisikatike njiani. Akamjibu kwamba ni kweli, kwa sasa ni Musa, mwacheni aongee kwanza, yeye ana subira.

Harusi ilikuwa mchana, katika ukumbi wa Mumias wenye madirisha makubwa, baada ya watu kula. Harufu ya pilau ilikuwa bado imejaa. Wanawake walikuwa wamejipaka hina, mitandio yao ya kila rangi, na Nadia aliketi mbele na mumewe akiwa amechoka kwa furaha. Bendi ilipiga nyimbo zake za kawaida, watu wakacheza, watoto wakajaa mbele ya spika. Edah alikaa kwenye ridhimu yake, akaona hata hiyo imebadilika. Nafasi ambazo zamani alizijaza zote, sasa alikuwa akiziacha nyingine wazi, na Griffin alimtazama mara mbili akikubali kwa kichwa.

Kisha Nadia akasimama akatoa ishara, na Edah akafunga kapo.

Gita lilipoingia peke yake, ukumbi ulipiga kelele moja. Watu wazima waliacha viti. Griffin akaimba, akina mama wakaitikia ile sehemu ya mtoto, na ilipofika solo, Edah alipiga hatua moja mbele. Hakukosa hata mahali pamoja. Vidole vilikwenda kama vinavyokwenda kichwani mwa mteja aliyezoeleka, yeye akabaki na nafasi ya kuona mambo. Mwanamume mmoja alikuwa ameweka sahani chini apate kupiga makofi. Nadia alikuwa akilia na kucheka. Na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mwanamke mzee, mwembamba, mtandio mweupe, ambaye hakucheza wala hakupiga makofi. Alikuwa ameinama mbele akiitazama mikono ya Edah tu, midomo imeachana kidogo.

Wimbo ulipokwisha na vigelegele vilipopungua, Nadia alikuja akamshika Edah mkono, akamwambia kukhu yake, yaani bibi yake, anamwita. Alikuwa Bi Zeituni, dadake Musa, mdogo wake wa kumfuata. Edah alitembea nyuma ya bibi harusi akipitia solo nzima kichwani, akitafuta alipokosea.

Bi Zeituni alipokea salamu yake, akaitika vizuri, akamvuta aketi karibu. Aliichukua mikono ya Edah akaigeuza, akagusa zile ncha ngumu za vidole.

"Mwanangu," akasema, "nani alikuwa anakufukuza?"

Edah hakuelewa. Alisema amepiga kama ulivyo kwenye redio, kukhu, hakuongeza kitu.

"Najua hukuongeza. Nilikuwa nakufuata. Yule mtoto anayeitikia kwenye redio, unamjua?"

Edah alisema hapana, watu hudhani alikuwa binti wa Musa.

"Ni mimi. Na sikuwa mtoto. Nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mgongoni."

Griffin alikuwa amewafuata, akasimama nyuma ya kiti kusikiliza. Bi Zeituni akawasimulia wote. Walikwenda Nairobi, yeye na kaka yake, na sauti yao ikanaswa kwenye utepe siku moja tu. Wimbo ulikuwa mrefu na wa taratibu, Musa alikuwa mtu wa taratibu katika kila kitu, hata kula. Lakini upande mmoja wa sahani ya santuri ya wakati ule ulikuwa mdogo, haukuweza kuubeba wimbo wote. Wenye mashine hawakutaka kuukata. Wakauharakisha utepe wakati wa kuutia kwenye sahani, na kila kitu kikapanda na kukimbia pamoja. Sauti yake yeye ikawa ya kitoto. Gita la Musa likawa la mtu aliyevamiwa na nyuki. Wao hawakuambiwa. Walikuja kuusikia redioni wakiwa nyumbani hapa Mumias, wamekaa na majirani.

"Nilidhani wimbo wangu wamempa mtoto wa watu," alisema. "Musa yeye alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, huyo mpiga gita ni hodari, natamani siku moja nikutane naye."

Akaupiga mkono wa Edah polepole kwa kiganja chake.

"Musa hakuwahi kuupiga hivyo. Hakuna mtu aliyewahi. Kaka yangu amekufa hajakutana na huyo mtu. Mimi leo nimekutana naye."

Kitu cha kwanza alichokihisi Edah kilikuwa kama kukanyaga ngazi isiyokuwapo. Miezi yote hiyo alikuwa akimkimbilia mtu, na mtu mwenyewe hakuwa amekimbia. Ule uzi uliokatika, ile sauti iliyosimama huku si huku, kumbe yote ni kwa sababu ya utepe. Kisha akamfikiria Musa amekaa chini anacheka, na cheko likamshika yeye pia, likamtoka tumboni, akaona Griffin naye amejishika mbavu. Alipomaliza kucheka, kilichobaki kifuani hakikuwa aibu hata kidogo. Alikuwa amefanya jambo lisilowezekana kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba haliwezekani.

"Sasa nipigie ule wa Musa," Bi Zeituni akasema.

Griffin alianza kusema kwamba labda wangehitaji kwanza mazoezi, kwamba wangerudi siku nyingine. Edah alikuwa ameshainuka. Noti alizijua zote. Mtu anayeijua nyumba gizani hahangaiki taa zikiwashwa. Alirudi mahali pa bendi, akafungua kapo akaitia mfukoni, akalegeza nyuzi kidogo, kisha akamwomba Bi Zeituni amwimbie neno la kwanza tu. Nadia alimshikia bibi yake kipaza sauti. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya mwanamke aliyeishi, na ilikuwa chini sana kuliko alivyotarajia mtu yeyote mle ndani. Edah akaitafuta kwenye gita, akaipata, akaitikia kwa kichwa.

Kasi aliichukua kwenye mguu wa Bi Zeituni, uliokuwa umeanza kugonga sakafu.

Watu waliokuwa wakiondoka walisimama. Ulikuwa wimbo uleule, na hawakuwahi kuusikia. Maneno ambayo miaka yote yalipita kama vumbi la pikipiki sasa yalifika moja moja: kaa kidogo, nguo zako zitalowa, njia haitahama, subiri mvua ipite. Bila kapo, vidole vya Edah vililazimika kutanuka zaidi shingoni mwa gita, na kwa hilo alijua kwamba Musa alikuwa na mikono mikubwa. Ule mruko uliomtesa haukuwa mruko. Ulikuwa ni mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati na kukishusha.

Akaifikia ile noti iliyokufa. Kwa kasi hii ilikuwa na nafasi kabla yake na nafasi baada yake, na ilipogonga, tk, Bi Zeituni alitabasamu bila kuacha kugonga mguu. Edah akaielewa hapohapo. Halikuwa kosa. Lilikuwa tone la kwanza juu ya bati. Akaligonga tena, akaliacha lianguke peke yake.

Lakini wimbo wa polepole una mashimo. Redioni solo ilikuwa imebanana, huwezi kupenyeza unywele. Hapa, kila baada ya sentensi palibaki uwanja mtupu, na karibu na mwisho palikuja uwanja mpana, Bi Zeituni akivuta pumzi, ngoma ikisubiri. Edah hakuwa amejiandaa kwa hilo. Mikono yake ndiyo iliyojiandaa. Ilishuka kwanza, kama Musa ashukavyo, ikapanda kwa njia ambayo Musa hakuwahi kuipita, ikapinda mahali ambapo yeye mwenyewe angepinda mstari juu ya kichwa cha mteja ili ukutane na mwenzake kisogoni, ikakutana na sauti ya yule mama iliporudi. Bi Zeituni aligeuza kichwa akamtazama. Hakukunja uso. Aliimba ubeti mwingine ambao haukuwa redioni kabisa.

Baadaye, wakikunja nyaya za spika, jua likiwa bado linaingia madirishani, Griffin alikuja na besi yake mgongoni akasimama karibu.

"Ile ya mwisho haikuwa ya Musa," alisema.

"Haikuwa."

Griffin alimchukulia spika yake moja akaibeba mpaka kwenye gari, naye hakuwa mtu wa kubeba spika.

Bi Zeituni hakumwacha Edah aende hivihivi. Kabla hajapanda gari alimwuliza ana shughuli gani siku za Jumatatu. Alimwambia kaka yake hakuwa na wimbo mmoja. Alikuwa nazo nyingi, na zote, gita na maneno, zimebaki katika mdomo wake yeye. Wajukuu wana simu na hawana subira. Edah alisema Jumatatu saluni huwa haina watu, na kama itakuwa na watu, Immaculate yupo.

Siku hizi huwa anatoka Kakamega asubuhi, gita mgongoni nyuma ya pikipiki, miwa ikiwa imejipanga pande zote mbili za barabara. Humkuta Bi Zeituni kibarazani ameshakunywa chai, mkeka umeshatandikwa. Hakuna redio wala programu ya simu. Mama yule huimba gita kwa mdomo wake, gumba kwa sauti ya chini, vidole vingine kwa sauti ya juu, akibadilisha upesi upesi, na Edah hulitafuta kwenye nyuzi. Huimba kipande kifupi tu, haongezi kingine mpaka hicho kimekaa.

Jumatatu iliyopita walianza wimbo ambao Musa aliutunga kwa ajili ya ng'ombe aliyepotea. Edah alisikiliza, akaimba, akapiga. Bi Zeituni alikuwa akichambua mchicha. Alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Musa hapo anaangalia nyuma kwanza. Rudia."

Edah akarudia.